Kodi ya Majengo: Mita Haikatiwi Rufaa

Sheria ya kodi ya majengo ya mwaka 1983 ilimtaka mthamini ataje thamani ya jengo, na mwenye jengo asiyeridhika alikuwa na mahali pa kupeleka pingamizi. Tangu Agosti 2021 kodi hiyo ilipoanza kukatwa kwenye LUKU kwa kiwango kimoja, hoja ya thamani imekufa kwa wengi wa Nachingwea na Ruangwa. Ghala kubwa la korosho lisilo na ghorofa na duka la chumba kimoja vilipangiwa sawasawa: Sh. 1,000 kwa mwezi, zikapanda hadi 1,500 mwaka 2023. Mwenye ghala atanyamaza, na nani atamlaumu? Mwenye duka hana thamani ya kupinga.

Kilichobaki ni kupinga idadi. Kodi ni ya jengo, si ya mita. Jengo la fremu tatu na mita tatu, zote zikikatwa, hutoa Sh. 54,000 kwa mwaka badala ya 18,000, na anayeumia mara nyingi ni mpangaji. Hapo wakili hahitajiki. Zinahitajika risiti za umeme na safari moja ya ofisi inayohusika, naye mpangaji adai makato yake yapunguzwe kwenye pango.