Tulisoma Mswada wa Fedha, lakini nani amesoma daftari la ploti?

Juni 2024 vijana wa Kenya tulifanya kitu kimoja kikubwa hata kabla ya kuingia barabarani. Tulisoma. Mswada wa Fedha, na lugha yake yote ngumu, tuliuchambua kifungu kwa kifungu na kuutafsiri kwa Sheng na kwa lugha za nyumbani. Mama mboga alijua mkate ulikuwa unatafutiwa ushuru wa asilimia 16.

Sasa nikuulize. Ile ploti ya nyumbani kwenu inadaiwa ngapi na kaunti? Iko kwa jina la nani? Nani aliamua thamani yake, na mwaka gani?

Najua kimya hicho. Hata mimi nilikuwa nacho, na kilinigharimu chuo.

Buda alinunua ploti ya hamsini kwa mia kabla hatujaanza shule. Akapata hatimiliki, akaiweka kwa sanduku la chuma chini ya kitanda, na sisi tukajua mambo yameisha. Alipofariki, mathe alipigania kesi ya mirathi mpaka ikaisha. Nilipofika mwaka wa pili chuoni, karo ikawa haishikiki. Mathe akaamua kuuza ile ploti. Mnunuzi akapatikana, wakili wake akaitisha kitu kimoja tu: cheti cha kaunti kuonyesha kwamba ploti haina deni la reti.

Tulipofika kaunti (siitaji, kwa sababu hadithi hii ingetokea kokote), tulipata mambo mawili. Kwanza, kwa rekodi zao ploti ilikuwa bado ya yule mzee aliyemuuzia buda. Bili zilikuwa zinatumwa kwa sanduku lake la posta, miaka yote. Pili, riba ilikuwa imepita deni lenyewe. Mnunuzi aliona vile karatasi hazielewani, akaingiwa na baridi, akaenda kununua kwingine. Muhula ukapita. Mwingine pia. Sikurudi.

Silii, nimezoea. Lakini nimejifunza kitu ambacho hakuna mtu alinifunza darasani: serikali haina daftari moja la ardhi. Yako mawili. La kwanza liko Wizara ya Ardhi, na ndilo linasema nani mwenye mali. Nairobi ndilo limekuwa likihamishiwa kwa mtandao wa Ardhisasa tangu 2021. La pili liko kaunti, na kazi yake ni kukusanya doo. Ukibadilisha jina kwa la kwanza, usidhani la pili limesikia. Lazima ubebe nakala zako uende kaunti useme, “Mimi ndiye mwenye ploti sasa, bili niletee mimi.” Buda hakuambiwa hivyo, na yeye hakuuliza.

Kutoka hapo watu huchanganya tena. Kuna renti ya ardhi, ambayo hulipwa serikali ya kitaifa na wale wenye ardhi ya kukodishwa kwa miaka kadhaa, kama 99. Halafu kuna reti, ambayo ni ya kaunti. Katiba, Kifungu cha 209, ndiyo inaipa kaunti nguvu ya kutoza kodi hiyo ya mali. Unaweza kulipa moja kwa uaminifu miaka 20 huku nyingine ikikumeza polepole.

Na hizo pesa zinahesabiwaje? Mthamini wa kaunti huandaa daftari la thamani. Humo kila ploti ina namba yake, ukubwa, jina la mwenyewe na thamani. Kaunti inachukua hiyo thamani na kuizidisha kwa kiwango kilichopitishwa na bunge la kaunti. Ni hivyo tu.

Angalia Nairobi. Kwa miaka mingi jiji lilitumia daftari la mapema miaka ya themanini. Kiwango kikafika asilimia 34. Inatisha, lakini ni asilimia 34 ya thamani ya wakati ambapo wengi wetu hatukuwa hata mawazo. Ploti iliyoandikwa Sh20,000 kwa daftari hilo ingelipa Sh6,800 kwa mwaka, hata kama leo inauzwa mamilioni. Kuanzia 2023 jiji likahamia daftari jipya, na kiwango kikawa asilimia 0.115 ya thamani ya sasa. Ploti ya Sh10 milioni hapo inakuwa Sh11,500. Kwa hivyo ukisikia “kiwango kimeshuka,” usishangilie kabla hujauliza: asilimia ya nini?

Kuna kitu kingine kinachoniwasha. Thamani inayohesabiwa ni ya ardhi tupu, bila jengo. Kwa hivyo nyanya mwenye nyumba yake ya vyumba vitatu na mwembe, na jirani aliyejenga ghorofa la keja 60 kwa ploti sawa na hiyo, wanaweza kulipa reti sawa. Kuna wanaosema ni haki, kwa sababu inamsukuma mwenye ardhi aitumie badala ya kuikalia akingoja bei ipande. Naelewa. Hata naunga mkono, kwa yule anayefungia ekari nzima katikati ya mji. Lakini nyanya hangoji bei ipande. Yeye anaishi hapo. Huo ni mjadala mzito, na unafanywa bila sisi.

Tena unafanywa kihalali. Daftari jipya likitoka, kaunti inatakiwa kulitangaza na kuliweka wazi watu walikague. Ukiona thamani imetiwa chumvi, au ukubwa si ule, au jina ni la marehemu, una haki ya kuweka pingamizi. Chini ya sheria ya zamani ulikuwa na siku 28. Mwishoni mwa 2024 tulipata sheria mpya ya kitaifa ya reti, iliyofuta zile mbili za kale. Kaunti zitakuwa zinaandaa madaftari mapya. Mlango utafunguliwa kwa muda mfupi, na tangazo litakuwa kwa gazeti ambalo landilodi wako husoma na wewe husomi.

Utasema, “Mimi ni mpangaji, hiyo inanihusu nini?” Reti ni moja ya mifuko mikubwa ya kaunti yenyewe, pamoja na ada za maegesho na leseni za biashara. Ikivuja, taka hazizolewi mtaani kwako na mtaro unafurika keja yako. Halafu kaunti inatafuta pengo hilo kwa nani? Kwa kibanda chako cha smokie na kwa boda ya beshte yako.

Ndiyo maana nina kinyongo na hii tabia ya misamaha. Kila mara kaunti inatangaza kwamba ukilipa deni kabla ya tarehe fulani, riba inafutwa. Sisi wenyewe msamaha ulituokoa baadaye. Mathe alilipa deni tupu, na ploti bado iko. Nashukuru. Lakini yule aliyelipa kila Machi bila kelele alipata nini? Anafunzwa kwamba mjanja ni anayengoja. Na mwenye majumba 10 hungoja vizuri kuliko mjane.

Badala ya misamaha, kaunti iweke daftari mtandaoni, nitafute namba ya ploti nione thamani, kiwango na hesabu yote. Kama wanaweza kunitumia ujumbe wa faini ya maegesho, wanaweza kumtumia mathe bili. Na ardhi ikibadilisha mwenyewe kule wizarani, daftari la kaunti libadilike lenyewe. Watu wasibebe makaratasi kati ya ofisi mbili za serikali moja.

Na sisi? Wikendi hii ukienda ocha au kwa wazazi, omba lile sanduku la chuma. Andika namba ya ploti. Ulizia salio kaunti. Nairobi unaanzia kwa simu, *647#. Hakikisha jina. Na jichunge: risiti ya reti haikufanyi mwenye mali, kwa sababu yeyote anaweza kulipia ploti yoyote. Akikuuzia mtu ardhi kwa kukuonyesha risiti, kimbia.

Mswada wa Fedha ulikuwa na kurasa nyingi na tuliumaliza. Daftari la ploti yenu lina mstari mmoja tu unaokuhusu. Usome kabla mwingine hajakusomea siku unahitaji karo.