Wapagazi wa vita waandikwe majina

Wapagazi wa Afrika Mashariki waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia waandikwe majina yao, na kazi hiyo isicheleweshwe tena.

Kati ya 1914 na 1918 Waingereza na Wajerumani walipigana kuanzia Tanga hadi ng'ambo ya mto Ruvuma. Malori yalikwama matopeni, farasi na nyumbu wakafa kwa mbung'o, mizigo ikaishia vichwani mwa watu. Mamia ya maelfu walitolewa vijijini, wengi kwa nguvu, wakabeba risasi na unga huku posho yao wenyewe haitoshi. Kuhara, malaria na homa ya mapafu viliwaua wengi kuliko risasi. Mishahara ya maelfu ya marehemu haikuwafikia jamaa zao, na hilo ni deni.

Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa 1927, inamwonyesha juu mwenye bunduki, si mpagazi. Ile ya Nairobi inaye mpagazi, ila hana jina. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Kukiri hakutoshi. Wenye dhamana ya nyaraka, huku kwetu na London, wafungue madaftari ya wapagazi na kuyatangaza majina yaliyomo. Wanaotunga mitaala waviingize vita hivi darasani, na wazee wanaojua habari za babu zao wahojiwe mwaka huu.