Barua ya wazi kwa Ofisa Mhusika: kilo 340 za mpagazi

Ofisa Mhusika,
Ofisi inayoshughulikia usafi na mandhari (jina nalihifadhi),
Dar es Salaam.

YAH: KUKATWA NA KUUZWA KWA KILO KWA SANAMU YA MPAGAZI, KARIAKOO

Tafadhali rejea somo tajwa hapo juu.

Nakuandikia kwa cheo hicho kwa sababu ndicho nilichopewa. Kila dirisha nililosimama niliambiwa ofisa mhusika hayupo: yuko kikaoni, yuko saiti, amekwenda Dodoma, njoo kesho. Hakuna aliyekuwa tayari kunitajia jina lako, na mimi sipendi kumsingizia mtu. Kwa hiyo, Ofisa Mhusika, shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye mkubwa basi habari za kazi.

Jambo lenyewe unalijua, maana gari lilikuwa la kwenu na vijana walivaa vizibao vya kwenu. Usiku ule wa operesheni ya kuondoa vizuizi barabarani mlibeba meza za wamachinga, mabango yasiyolipiwa, matairi yaliyopandwa maua, na sanamu yangu. Habari za meza nawaachia wenyewe. Angalau wao walilipa faini wakarudishiwa. Sanamu haikurudi kwa faini wala kwa kupiga magoti, kwa sababu kesho yake jioni ilikuwa imeshafika yadi ya chuma chakavu Gerezani, imekatwa kwa gesi na kuwekwa kwenye mizani. Kilo 340. Kwenye daftari la mwenye yadi imeandikwa kwa kalamu ya bluu: chuma mchanganyiko, 340. Hakuna sanamu kwenye daftari lile. Kuna kilo.

Kwa kuwa ilionekana ni chuma mchanganyiko, wacha nikueleze kilichochanganywa. Miguu na mgongo vilikuwa springi za Fuso, zile zilizochoka mpaka zikaanza kunyooka. Nilizichagua kwa makusudi. Springi iliyobeba mzigo miaka mingi ina ulegevu wake, na ulegevu huo huwezi kuupata kwa kupasha moto chuma kipya na kukigonga. Magoti yalikuwa beringi, kifua diski za breki zilizokatwa nusu. Mzigo ulikuwa bati la pipa lililofungwa kwa nondo nyembamba. Kati ya mzigo na kichwa palikuwa na ngata, na ngata ndiyo iliyonitoa jasho: mnyororo wa pikipiki uliozungushwa mara tatu, kila kiungo kimechomelewa kwa stiki nyembamba ili kisitoboke, na upande wa kulia umebonyea kidogo kuliko wa kushoto. Umebonyea kwa sababu mzee mmoja aliyebeba mizigo Mtaa wa Mchikichi tangu ujana wake aliniambia hakuna abebaye mzigo katikati ya kichwa. Kila mtu ana upande wake, na shingo hufuata. Sanamu ilipokamilika mzee alikuja, akaizunguka, akaishika shingo, akasema, "Huyu kachoka kweli." Sijawahi kusifiwa zaidi ya hapo na sitarajii.

Vyuma hivyo nilivinunua Gerezani hiyohiyo, tena kwa kilo, sikatai. Tofauti iliyopo kati ya kuvinunua kwa kilo na kuviuza kwa kilo ni kazi yangu. Hiyo ndiyo mliyoitupa. Chuma hamkukitupa hata gramu moja.

Wafanyabiashara wa mtaa walichanga fedha ya vifaa, serikali ya mtaa ikagonga muhuri, nusu ya ufundi wangu ilikuwa nilipwe baada ya uzinduzi. Uzinduzi uliahirishwa kwa kuwa mgeni rasmi alipata udhuru, na sasa hakuna cha kuzindua. Mteja mmoja aliyeona picha na kutaka ya kwake hapokei tena simu. Hayo ni madeni yangu, nitajua pa kuyapeleka. Ninachorudi kukuuliza ni kilo.

Sitakufundisha jina la Kariakoo limetoka wapi. Mtoto wa shule ya msingi anakueleza habari za kambi ya Carrier Corps baada ya Waingereza kuuteka mji Septemba 1916. Ila inawezekana hujapata nafasi ya kuwafikiria wapagazi wenyewe. Mamia ya maelfu ya watu walibebeshwa masanduku ya risasi na magunia ya unga nyuma ya Vita ile ya Kwanza ya Dunia, kusini hadi Rufiji na kuvuka Ruvuma, na waliouawa na kuhara, malaria na njaa ni wengi mno kuliko waliopigwa risasi. Walio wengi makaburi yao hayajulikani. Mimi nimekulia Kariakoo na sijawahi kuona kibao kimoja kinachosema walipita hapa, ingawa wajukuu wa kazi yao wapo kila asubuhi, na magunia kichwani, na maguta, na mikokoteni, wakipiga kelele "Njia! Mzigo!" huku wewe na mimi tukiwapisha kwa shingo upande.

Nenda Posta. Pale Samora inapokutana na Azikiwe na Maktaba, kwenye kipilefti, yupo askari wa shaba, bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini. Sanamu hiyo ilizinduliwa 1927, ni kazi ya James Alexander Stevenson, na ilisubiwa London. Sogea usome maandishi, yapo kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, maneno ya Rudyard Kipling. Utaona wapagazi wametajwa, kwamba ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Wametajwa. Aliyesimama juu ni askari peke yake. Nairobi, Stevenson huyohuyo aliweka watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Sisi wenye Kariakoo tukapewa miguu na mikono ya kusoma. Nilichotaka mimi ni kuiweka hiyo miguu na mikono mahali ilipopita, na wewe ukaona vema kuipima.

Kuna jambo lingine la kipilefti hicho ambalo naomba ulitafakari ukiwa umetulia. Mjini hapa, kabla ya askari huyo, palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, yule aliyeletwa na Wajerumani kuzima upinzani wa Bushiri na ambaye kwa amri yake Bushiri alinyongwa mwaka 1889. Ilisimamishwa 1909, na chini yake akawekwa askari wa Kiafrika anayemtazama bwana mkubwa kwa kuinua uso. Waingereza walipoingia waliing'oa. Ilikuwa ya adui, ilikuwa shaba, na vita ilikuwa bado inaendelea. Hawakuipima kwa kilo. Waliipeleka London kama nyara, baadaye Wajerumani wakarudishiwa, 1922 ikawekwa penye chuo kikuu cha Hamburg, na 1968 wanafunzi wakaivuta kwa kamba mpaka ikaanguka. Hata hao wanafunzi, kwa hasira yote ile, hawakuikatakata. Ipo mpaka leo. Aliyetunyongea watu pwani hii ametunzwa na mataifa mawili na kundi la vijana waliomchukia. Mpagazi alitunzwa na ofisi yako tangu usiku wa manane hadi kesho yake jioni.

Usiniambie huku kwetu hatujazoea sanamu. Mombasa wana pembe zao za barabarani tangu 1952; zilijengwa kwa ajili ya ziara ya kifalme, ufalme ukaondoka, pembe zikabaki, na hakuna mgeni anayetoka bila kupiga nazo picha. Mkunazini, Unguja, tangu 1998 wapo watumwa wa zege wa Clara Sörnäs ndani ya shimo, na minyororo shingoni mwao ni chuma halisi. Mnyororo wa kale, mzito, unaouzika. Hakuna ofisi iliyopeleka gari usiku.

Wala usiniambie jiji halina nafasi. Nafasi ipo. Zunguka mwenyewe uhesabu machupa ya soda marefu kuliko mtu, matenki ya maji yaliyopandishwa juu ya nguzo, simu za bati, pakiti za unga. Operesheni ilizipita zote kwa heshima, kwa sababu zimebandikwa stika ya malipo. Kosa la mpagazi lilikuwa moja: hakuwa akitangaza kitu. Laiti ningempachika jina la kampuni ya saruji kwenye mzigo wake, angekuwa amesimama hivi sasa, na ofisi yako ingekuwa inamtumia ankara ya mwaka.

Kijana mmoja dirishani, mpole kweli, nadhani ndiye mwenye adabu kuliko wote jengo zima, alinieleza kwamba tatizo ni kuwa sanamu yangu "si mambo ya kale". Amesema kweli. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda yaliyojengwa kabla ya 1863, na mengine mpaka yatangazwe. Mpagazi wangu alichelewa kuzaliwa. Lakini ipo pia Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na hiyo humpa aliyebuni kazi haki ya kupinga kazi hiyo kukatwa au kuharibiwa kwa namna ya kumvunjia heshima, hata kama haki ya kuiuza imeshaondoka mikononi mwake. Gesi iliyopitishwa shingoni ni heshima ya aina gani, nitapenda mwanasheria wenu anieleze.

Au labda nakosea kukulaumu wewe peke yako. Jiji hili linajua kupima tu. Nyumba ya Sanaa ya Upanga, alikofika msanii George Lilanga akiwa mlinzi kabla dunia haijamjua kwa jina, ilipimwa kwa thamani ya kiwanja, na leo ukiitafuta huioni. Soko la Kariakoo lenyewe, kazi ya msanifu majengo Beda Amuli ya miaka ya 1970, kwa macho yangu ya fundi miavuli ile ya zege ndiyo sanamu kubwa kuliko zote mjini. Tulilipima kwa ushuru wa vizimba mpaka usiku wa tarehe 10 Julai 2021 lilipowaka, ndipo wengi wetu tukauliza kwa mara ya kwanza nani alilichora. Mnara wa Saa, uliojengwa kwa heshima ya Dar es Salaam kuwa jiji mwaka 1961, unapona kwa sababu wenye daladala wanauhitaji kuelekezana. Kitu hapa kikikosa ushuru na kikakosa kuwa kituo, ni kizuizi. Vijana wanaohitimu sanaa tunawafundisha kuchomelea mageti na madirisha, kisha tunafanya makongamano ya utalii wa mjini na kuuliza mbona mgeni akishuka kwenye meli anapelekwa moja kwa moja Unguja.

Turudi yadi. Siku nilipofika, mgongo ulikuwa umeshakatwa vipande vinne vyenye urefu sawa, kazi safi, aliyekata ni fundi. Miguu ilikuwa imeingia kwenye rundo la springi, na sikuweza tena kuitenga na springi nyingine. Kichwa kilikuwa kimebaki pembeni kwa sababu hawakujua wakiweke rundo gani: bati, mnyororo au chuma kizito. Ngata ilikuwa imekatika upande ule wa kulia. Mwenye yadi alinipa pole, tena pole ya kweli, kisha akakiweka kichwa kwenye mizani kwa kuwa yeye alishakilipia. Kilo 19. Nikatoa fedha. Ofisa Mhusika, nimekinunua kichwa cha kazi ya mikono yangu kwa bei ya chuma mchanganyiko, na nimebaki nakudai kilo 321.

Ninachoomba ni barua. Iwe na kumbukumbu namba, jina na sahihi ya mtu aliye hai, iseme nani aliagiza sanamu iuzwe, kwa utaratibu gani, na fedha yake iliingia akaunti ipi, au mfuko upi. Gharama ya kuijenga upya nimeiambatanisha, pamoja na nakala ya muhuri wa serikali ya mtaa ambao vijana wenu walionyeshwa usiku uleule na mlinzi wa duka la jirani. Naomba pia ofisi yako iwe na daftari la kila sanamu, mnara na mchoro wa ukutani ulio kwenye maeneo yake: umetengenezwa na nani, kwa kitu gani, na ni nani wa kupigiwa simu kabla hamjawasha gari. Mwenye yadi analo daftari. Sioni kwa nini ofisi yenye kompyuta ishindwe.

Na ile kona aliposimama mpagazi muirudishe. Mara ya mwisho nilipopita tayari kulikuwa na shimo lililochimbwa na nguzo ya bango imelazwa pembeni, inasubiri zege.



Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mchomeleaji, Gerezani

Nakala: Mwenye yadi ya chuma chakavu, Gerezani, kwa kuwa katika shauri hili lote ndiye pekee aliyenipa risiti.