Dungeons & Dragons: Nani anachekwa mezani?

Usiku wa Januari 24, 2025, ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York, unaochukua takriban watu 20,000, haukuwa na ndondi wala muziki. Kundi la wachekeshaji liliketi jukwaani, likatupa dadu na kusimulia vituko vya wahusika wa kubuni. Kipindi chao, Dimension 20, kilianza mwaka 2018, na watu walikata tiketi ili kuwatazama wakicheza Dungeons & Dragons.

Kwa ambao hawajauona mchezo huu, haufanani na bao wala karata. Watu wachache hukaa mezani. Mmoja wao ndiye mwendesha mchezo: anaeleza pango, mji, joka lililolala juu ya dhahabu. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, awe mpiganaji, mchawi, mwizi au malenga, na anasema mhusika huyo anafanya nini. Dadu ndiyo inayoamua kama amefaulu. Gary Gygax na Dave Arneson waliuchapisha nchini Marekani mwaka 1974, na leo unamilikiwa na Wizards of the Coast, kampuni iliyo chini ya Hasbro.

Mazingira yake ni mazito: vita, laana, wafalme wanaouawa. Lakini pita karibu na meza yoyote ya wachezaji na utasikia vicheko. Sababu moja ni hesabu tupu. Dadu kuu ina pande 20, na kila upande una nafasi moja kati ya 20 ya kutokea. Shujaa akishambulia na dadu ikaonyesha 1, amekosa, hata kama ndiye bingwa wa upanga katika nchi nzima. Mchezo mmoja huchukua saa tatu au nne na dadu hutupwa mara nyingi, kwa hiyo aibu hiyo haikwepeki. Mchezaji anatoa hotuba ya kishujaa, anatupa dadu, na mwendesha mchezo analazimika kueleza jinsi upanga ulivyomponyoka na kuangukia kwenye sufuria ya mchuzi. Hakuna aliyepanga kichekesho hicho.

Kanuni zenyewe zinakijua kicheko. Malenga ana uchawi wa matusi: anamkejeli adui, adui anaumia kidogo, na pigo lake linalofuata huwa rahisi zaidi kukosa shabaha. Upo pia uchawi unaobeba jina la mchawi Tasha, ambao humwangusha mtu chini akicheka hadi ashindwe kuinuka. Kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2014, haumpati kiumbe ambaye akili yake ni ndogo mno. Waandishi waliona kwamba kucheka kunahitaji kuelewa.

Wapo wachezaji wanaolalamika kwamba mzaha unaharibu mchezo, na hatuwapuuzi. Mwendesha mchezo anaweza kuandaa kifo cha malkia kwa wiki nzima, kisha mtu mmoja akatupia neno la mtandaoni na huzuni yote ikayeyuka. Lakini tunaona tatizo hapo ni mzaha uliotoka nje ya hadithi. Ule unaotoka ndani, kutoka kinywani mwa mhusika mwenye hofu, mara nyingi huwafanya watu wamjali zaidi. Wasikilizaji wetu wa Tanzania hawahitaji kufundishwa hilo: mtani hufanya masihara msibani, na wafiwa hawakasiriki, kwa sababu wanajua ni nani anayesema na ana haki gani ya kusema.

Swali gumu ni pale kicheko kinapotoka kwa asiye mtani. Mwaka 1988, baada ya Gygax kuondoka katika kampuni aliyoianzisha, kampuni hiyo ilichapisha Castle Greyhawk, kitabu cha vichekesho kuhusu ngome aliyoibuni yeye. Mashabiki wengi wa ngome hiyo hawakucheka.

Yaliyotokea Agosti 2022 yalikuwa mabaya zaidi. Katika toleo jipya la Spelljammer, Wizards iliwarudisha hadozee, viumbe wanaofanana na nyani. Historia mpya waliyopewa ilisema walikamatwa na mchawi ili wawe watumwa, kisha wakaokolewa na wanafunzi wa mchawi huyohuyo. Mchoro mmoja ulimwonyesha hadozee malenga akiruka na ala yake. Wakosoaji walikumbuka mara moja maonyesho ya Marekani ya karne ya 19, ambamo Wazungu walijipaka rangi nyeusi usoni na kuwaigiza watu weusi ili ukumbi ucheke. Mapema Septemba kampuni iliomba radhi na kuyaondoa maelezo hayo kwenye matoleo ya kidijitali. Waliosema kwamba huo ni mchezo tu walisahau kwamba nao weusi wamo miongoni mwa wanaoucheza.

Cha kushangaza, miaka miwili kabla, kampuni hiyohiyo ilikuwa imetoa kitabu chenye jina la Tasha, mchawi wa kicheko, na ndani yake ushauri kwamba wachezaji wakutane kabla ya safari kuanza na kukubaliana mambo yasiyoguswa. Meza nyingi hufanya hivyo sasa. Nyingine huweka kadi yenye alama ya X katikati; anayeumizwa na jambo huigusa, nalo linaachwa bila maswali.

Mbinu hizo zilibuniwa kwa ajili ya watu watano au sita wanaotazamana usoni. Vipindi kama Dimension 20 vinatazamwa na umati usioonekana, na vijana wengi wanaujua mchezo huu kupitia kwao. Wanajifunza kasi ya mzaha kwa wachekeshaji wa kulipwa waliofahamiana kwa miaka. Kisha wanaketi na wenzao wa darasani, ambao huenda wamefahamiana kwa wiki mbili tu, na kujaribu utani uleule.