Tajiri wa Taka, Timu ya Dogo na Bili ya Wengine

Tangu Netflix waachie ile filamu yao 2021, kuna tajiri mmoja wa Danbury, Connecticut, mitandaoni anaitwa "baba bora". Eti kwa sababu alimpa mwanawe wa miaka 17 timu ya hoki ya barafu aiendeshe. Hapana jamani, acheni utani!

Timu ilianza 2004, dogo akiwa meneja mkuu. Ngumi zikapigwa, mashabiki wakajaa, raha tupu. Lakini mkwanja ulitoka wapi? Kwenye biashara ya kuzoa taka. Na 2006 serikali ya Marekani ikamshtaki mzee: wazoa taka walikuwa wamekubaliana wasinyang'anyane wateja, bei ikapanda. Ligi nayo ikapigwa changa la macho, wachezaji wakilipwa pembeni kupita kikomo cha mishahara. Mzee alikiri makosa 2008, akala miezi 87 jela.

Timu je? Misimu miwili tu, kwisha. Mashabiki wakabaki na jezi.

Kumpenda mwanao si kosa. Kosa ni kuwabebesha wengine bili, halafu upigiwe makofi.