Kila Mtu Rubani, Nani Atashika Spana?

Mhariri, naomba nafasi kidogo katika jarida la chama chetu nitoe dukuduku lililonikaa rohoni tangu muhula wa kwanza.

Muhula huo mwalimu wa ushauri alitugawia karatasi tuandike kazi tunazotaka tukimaliza shule. Mimi ndimi niliyetumwa kuzipeleka ofisini, na njiani nikachungulia (mwalimu, niwie radhi). Marubani walikuwa kumi na wanne. Darasa moja tu! Hata rafiki yangu mmoja ambaye hawezi kuchungulia dirisha la ghorofa ya pili bila kushika ukuta, naye ati ni rubani. Fundi wa ndege hakuwako hata wa dawa.

Sishangai sana. Sisi tunaosoma karibu na Uwanja wa Wilson tumekua tukitazama juu. Somo likinoga, ndege inapita juu ya paa na mwalimu analazimika kunyamaza mpaka iende zake. Uwanja wenyewe una jina la mwanamke, jambo ambalo wavulana wa darasa letu hawalijui. Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni yake ya ndege, Wilson Airways, mwaka 1929, na mwaka 1962 uwanja huo uliokuwa ukiitwa Nairobi West ukapewa jina lake. Siku hizi ukipita barabara ya Lang'ata utaona mabanda ya kampuni nyingi. Kuna zinazokodisha ndege kwa watalii wa Maasai Mara, kuna zinazotengeneza, kuna zinazofundisha urubani, na kuna zinazofanya yote matatu chini ya paa moja. Madaktari wa ndege wa AMREF, walioanza kazi mwaka 1957, pia wako hapo.

Sasa sikilizeni yaliyotupata nyumbani. Mjomba wangu aliuza ekari mbili za shamba ili binamu yangu asomee urubani. Kanuni za kimataifa zinataka saa 40 angani kwa leseni ya kurusha ndege binafsi, na saa 200 kwa leseni ya kulipwa, au 150 kama umesoma kozi nzima katika shule iliyoidhinishwa. Kila saa unailipia, na mafuta ya ndege si mafuta ya taa. Binamu alizimaliza saa zake, akapata leseni, tukachinja mbuzi. Kisha akaanza kutafuta kazi. Kila alipobisha hodi aliambiwa, "Leta saa zaidi." Hata pale alipofundishwa, penye ndege za kukodisha, jibu lilikuwa hilo hilo. Saa atazitoa wapi bila kazi, na kazi ataipataje bila saa? Leo anauza misumari na mabati katika duka la mtu. Dada yake alikaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo, na shamba halirudi.

Sisemi urubani ni mbaya. Nasema tunadanganyana tukifikiri kwamba ndege ni rubani peke yake.

Mama yangu anauza chapati na maharagwe karibu na uwanja, na nikitoka shule humsaidia kuosha sahani. Wateja wake wengi ni mafundi wenye ovaroli. Siku moja nilimuuliza mzee mmoja kwa nini mikono yake haitakati. Akacheka, akasema, "Binti, hii mikono ndiyo inasema ndege iende ama ikae." Nikadhani ni maringo. Akanieleza kwamba ndege ikishatengenezwa hairuki mpaka fundi mwenye leseni atie sahihi yake. Rubani awe na haraka namna gani, mtalii alipe dola ngapi, bila sahihi ile ndege imelala.

Kuanzia siku hiyo nikawa mwanafunzi wake pale kwa sahani. Nikajua kwamba Cessna 172, hii ndogo tunayoiona ikizunguka na wanafunzi, ina silinda nne lakini plagi nane, mbili kwa kila silinda. Plagi hizo hupata cheche kutoka kwa magneto mbili zisizotegemea betri, ili moja ikifa hewani nyingine iendelee. Kabla ya kuruka rubani huzima moja, asikilize, kisha nyingine. Mzunguko wa injini ukishuka kupita kiasi anageuza na kurudi kwa fundi. Nikajua pia kwamba mafuta ya ndege hiyo yametiwa rangi ya samawati yasichanganywe na mengine, na kwamba kabla ya safari hukingwa kidogo kutoka chini ya tangi kuangalia maji, kwa sababu maji ni mazito na hukaa chini. Jamani, si huo ndio uzito wiani tuliokariri kidato cha kwanza bila kujua ni wa nini? Mimi nilipata alama thelathini na moja katika mtihani ule. Ningeonyeshwa lile tangi, labda ningepata sabini.

Kuna watakaosema ufundi ni kazi ya walioanguka mtihani, kazi ya mafuta na uchafu. Hao waende Embakasi, East African School of Aviation iliyoanzishwa mwaka 1954, waulize kama mtu anaingia huko bila hesabu na fizikia. Kanuni zile zile za kimataifa zinamtaka fundi awe na uzoefu wa miaka minne kabla ya leseni, au miwili akiwa amepita kozi iliyoidhinishwa. Hapo hakuna mchezo. Wengine wameniambia msichana na spana haviendani. Hao nawakumbusha jina lililoandikwa langoni.

Lakini lawama nyingine naipeleka kwa kampuni zenyewe. Mwaka jana wanachama sita wa chama cha sayansi tulikwenda kwenye banda moja na barua ya shule, tuombe kutazama injini ikifunguliwa. Askari wa lango hakuifungua barua. Alituambia watoto waende wakasome. Tulikuwa tumekwenda kusoma! Kelele za ndege zao tunazisikia kutwa, ilhali ndani ya banda hatujatia mguu. Wakitufungulia Jumamosi moja tu kwa muhula, tusimame nyuma ya mstari, tusiguse kitu, wangepata mafundi kumi kutoka shule hii.

Kwa hivyo ninamwomba mwalimu mkuu aandike barua nyingine, na safari hii aipigie muhuri mkubwa. Basi la kukodi hatuhitaji. Kutoka langoni mwetu hadi kule ni mwendo wa dakika ishirini, na viatu tunavyo.