Wanafunzi 26 kati ya 633: Nani Hasa Alifeli?

Makamanda, tuanze na hesabu. Oktoba 2022 yalisambaa mitandaoni matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile ambayo wengi tunaiita Law School. Wanafunzi 633. Waliofaulu moja kwa moja, 26. Wenye sapu, 342. Waliodisko, 265. Nchi ikashtuka. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati ule, Dk. Damas Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, na mjadala ukawaka kila kona.

Mjadala wenyewe ulikwendaje? Kundi moja likasema vijana wa siku hizi wavivu, wanakariri madesa, Kiingereza hakipandi. Kundi jingine likasema Law School wanakomoa watoto wa maskini. Wiki mbili tatu watu wakarushiana maneno, kisha likaja jambo jingine tukahamia huko.

Kuna swali moja halikupata mwenyewe. Wale 633 hawakuokotwa barabarani. Wote waliingia pale wakiwa na shahada ya sheria mkononi. Walikaa chuo kikuu miaka, wakafanya mitihani kila semesta, wakapewa GPA, wakavaa joho, wazazi wakapiga picha. Kama kweli hawajui, nani alitusainia kwamba wanajua?

Hoja yangu leo ni hiyo. Nchi hii tunapima wanafunzi, hatupimi programu. Matokeo ya mtihani yanakuambia nani kafeli. Hayakuambii ni kitu gani kilifeli: ufundishaji, mtaala, maswali ya mtihani, au lugha. Na kwenye masomo ya haki jinai, anayelipa gharama ya kutojua hilo siyo mwanafunzi peke yake. Analipa mwananchi aliyeko mahabusu.

Karatasi inasema nini

Twende taratibu. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, haisajili programu hivi hivi tu. Mtaala lazima uandike matokeo ya ujifunzaji, yaani mhitimu atakuwa anaweza kufanya nini akimaliza. Kwa mfumo wa TCU shahada ya kwanza ina krediti zisizopungua 360, na kila krediti ni saa 10 za kujifunza. Piga hesabu: saa 3,600. Ni haki yetu kuuliza saa hizo zimezaa nini.

Shida inaanzia kwenye maandishi yenyewe. Fungua mtaala wowote, uwe wa sheria au wa utekelezaji wa sheria, utafute vitenzi. Ukikuta "mwanafunzi ataelewa haki za mtuhumiwa", jua hapo hakuna kinachopimika. Kuelewa kunaonekanaje? Nani kakuona umeelewa? Linganisha na hili: "Akipewa jalada la polisi, mwanafunzi ataweza kubaini ukiukwaji wa sheria katika ukamataji, mahojiano na upekuzi, na kueleza athari zake mahakamani." Hilo unaweza kulipima kesho asubuhi. Unampa jalada, unampa saa mbili, unaona.

Sasa angalia mtihani wenyewe. Swali linasema: jadili haki za mtuhumiwa. Mwanafunzi anamwaga desa. Anaorodhesha Ibara ya 13 ya Katiba, dhana ya kutokuwa na hatia, haki ya kuwa na wakili. Anapata 70. Halafu mwambie asome jalada hili la kubuni: kijana kakamatwa Jumamosi saa 3 usiku, maelezo yake ya onyo yamechukuliwa Jumapili saa 10 jioni, simu yake imechukuliwa bila risiti wala shahidi, kapelekwa mahakamani Alhamisi kwa kosa la wizi. Makosa yako wapi?

Aliyeiva anayaona bila jasho. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inatoa saa nne za msingi za kumhoji mtuhumiwa tangu awekwe chini ya ulinzi, na muda ukiongezwa lazima uongezwe kwa utaratibu. Maelezo yaliyochukuliwa nje ya hapo yanaweza kukataliwa mahakamani. Mali iliyochukuliwa kwenye upekuzi inatolewa risiti yenye saini. Na kwa kosa lisilo na adhabu ya kifo, mtuhumiwa anatakiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 inapowezekana. Jumamosi mpaka Alhamisi ni mahakama gani hiyo iliyokuwa mbali hivyo?

Mwenye 70 ya kukariri anaweza kuyapita yote hayo bila kuyaona. Ndiyo maana nasema alama ile haijapima kitu tulichodhani inapima.

Tulijifunzia wapi?

Wengi wetu tulifuatilia kesi ya Freeman Mbowe na wenzake watatu, tangu 2021 mpaka DPP alipoiondoa mahakamani Machi 4, 2022. Kila siku ya kesi simu zilikuwa zinachemka. Humo ndimo maelfu ya vijana, wengine hawajawahi kukanyaga darasa la sheria, walijua "kesi ndogo ndani ya kesi kubwa" ni nini. Maelezo ya onyo yaligombaniwa siku kwa siku: yalichukuliwa lini, wapi, kwa hiari au kwa mateso. Watu wakajifunza kwamba kesi nzima inaweza kusimama au kuanguka kwenye karatasi moja iliyoandikwa kituoni.

Jiulize, kwa nini kitu kile kiliingia vichwani haraka namna ile? Kwa sababu kilikuwa kitendo, kilikuwa na watu, na kilikuwa kwa Kiswahili.

Hapa kwenye lugha tusipite kimyakimya. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Maelezo ya mtuhumiwa kule kituoni yanaandikwa Kiswahili tangu zamani. Lakini darasani chuo kikuu somo lenyewe linafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Yaani tunampima kijana kwa lugha moja kuhusu kazi atakayoifanya kwa lugha nyingine. Akifeli, hatujui kafeli sheria au kafeli Kiingereza. Akifaulu, hatujui kama anaweza kuandika ukurasa mmoja wa maelezo ya onyo ambao mama yake angeusoma akauelewa. Kiingereza kibaki, kesi nyingi za rejea zimeandikwa kwa hicho. Ila kazi inayofanywa kwa Kiswahili ipimwe kwa Kiswahili.

Tunataka nini

Tusiwe wa kulalamika tu. Kupima programu siyo muujiza, vyuo vingi duniani vinafanya. Mambo manne yanatosha kuanzia.

Kwanza, matokeo ya ujifunzaji yawe machache na yapimike. Kwa haki jinai unaweza kuyahesabu kwa vidole: kuchukua maelezo kwa mujibu wa sheria, kutunza kielelezo bila kukata mnyororo wake, kuandaa hati ya mashtaka isiyo na kasoro, kujenga hoja ya dhamana, kuchambua ushahidi.

Pili, kila tokeo liwe na kazi halisi inayolithibitisha: jalada la kuchambua, mahakama ya mfano, hati ya kuandaa. Na isahihishwe kwa vigezo vilivyoandikwa, ambavyo mwanafunzi kaviona kabla, na wasahihishaji wawili wakikaa na karatasi moja wafike karibu na alama moja.

Tatu, pima mwanzo na mwisho. Mpe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza jalada rahisi, mpe la aina hiyo tena akiwa mwaka wa mwisho. Tofauti kati ya hapo ndiyo kazi ya chuo. Bila hivyo chuo kinachopokea wanafunzi waliofaulu sana kidato cha sita kitajisifu kwa kazi ambayo hakikufanya.

Nne, majibu yatangazwe na yabadilishe kitu. Siyo majina ya watu. Sema hivi: kati ya wahitimu wa mwaka huu, wangapi waliweza kuandaa hati ya mashtaka, na wangapi walikwama kwenye kielelezo? Kama nusu wamekwama sehemu moja, tatizo haliko kwa hao nusu. Liko kwenye somo, na mwaka unaofuata somo libadilishwe.

"Lakini kamanda..."

Najua mtasema: vyuo havina hela, mhadhiri mmoja ana mamia ya wanafunzi, utampa majalada asahihishe lini? Hoja ni ya kweli. Ndiyo maana mzigo huu hauwezi kutupwa kwa wahadhiri peke yao. Serikali inayodahili watu wengi iajiri walimu wengi. Mpaka hapo, chukua sampuli. Ukitaka kujua programu inafanya kazi, karatasi 40 zilizochaguliwa bila upendeleo zikisomwa vizuri zinakupa picha kuliko 400 zilizosomwa usiku wa manane.

Wengine mtasema jambo zito zaidi: tatizo la polisi wetu siyo kutojua, ni maagizo kutoka juu. Anayembambikia mtu kesi anaijua sheria vizuri tu. Hapa nakubali. Hakuna mtaala utakaotibu amri haramu, na mapambano ya kudai mfumo mwingine yako palepale. Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikabidhi ripoti Julai 2023, na tutaendelea kudai utekelezaji wake.

Lakini fikirini hivi. Leo ofisa akivunja sheria ana vichaka viwili vya kujificha: "niliagizwa" na "sikujua". Kichaka cha pili kinafyekwa chuoni. Ukiwa na ushahidi kwamba huyu alipimwa kwa vitendo, akaonesha anajua saa nne ni saa nne, hawezi kuja kusema hakufundishwa. Tukijua nani hajui na nani anakusudia, tunajua pia nani arudishwe darasani na nani apelekwe mahakamani. Na hakimu aliyezoea kuuliza maswali tangu mwaka wa pili wa chuo hatakubali kirahisi ule wimbo wa "upelelezi haujakamilika" kwa mara ya kumi na tano.

Kazi ya wiki hii

Wewe unayesoma sheria au kozi yoyote ya haki jinai, fanya hivi. Omba nakala ya mtaala wa programu yako. Tafuta ukurasa wa matokeo ya ujifunzaji. Chukua mtihani uliopita, uweke pembeni, uulize swali moja: ni swali gani hapa limepima tokeo gani? Ukikuta tokeo halina swali, andika. Peleka kwa mwakilishi wa darasa, afike nalo kwa mkuu wa idara. Kwa adabu, kwa maandishi, na nakala ubaki nayo.

Matawi ya vyuoni, anzisheni mahakama ya mfano kwa Kiswahili, mara moja kwa mwezi. Ukumbi mnao, mawakili wetu wapo, hakuna cha kusubiri. Na viongozi wetu wanaoandaa ilani waweke sentensi moja inayosema serikali yetu itatangaza kila mwaka programu za haki jinai zimewafanya wahitimu waweze nini.

Wale 265 walibeba lawama peke yao, na wapo huko mitaani wakiitwa vilaza. Kabla hatujalirudia neno hilo, tuvidai vyuo vilivyowapa shahada vituoneshe vilipima nini.